Ardhi inapotikisika Masisi: somo la Goma na somo la milimani

Kwa mtu aliyezaliwa Muheto, ardhi si kitu cha kuogopa. Cha kuogopa ni mvua kubwa inayoshusha udongo wa kilima, ni njaa ya kabla ya mavuno, na tangu 1993 ni milio ya bunduki. Ardhi yenyewe ndiyo inayobaki mahali pake watu wanapokimbia, na ndiyo wanayoikuta wanaporudi. Kwa hiyo siku inapotikisika, hata kwa sekunde chache tu, sufuria zikagongana na mbwa wakabweka, watu wanabaki wakitazamana. Wengine wanauliza kwanza kama ni bomu.

Wakati kama huo jamaa moja inaweza kugawanyika mara mbili. Mzee ambaye hakuhama milimani anageuka kitandani na kulala tena. Binti yake, aliyekaa miaka katika kambi za pembeni mwa Goma, anawashika watoto mikono na kutoka mbio gizani. Mzee anamwona binti ana woga wa bure. Binti anamwona mzee hajui hatari. Kumbe kila mmoja ana somo la kweli, alilolipata mahali alipoishi. Taabu ni kwamba somo la Goma na somo la Masisi hayafanani, na baada ya kuhama na kurudi kwingi, leo yanakutana chini ya paa moja.

Historia ya matetemeko ya Kivu inaonyesha kila somo lilitoka wapi, na lini linaokoa.

Bonde linalopanuka

Masisi iko kwenye ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa, katika tawi linalopita Ziwa Albert, Ziwa Edward, Ziwa Kivu na Ziwa Tanganyika. Pande mbili za bonde hilo zinaachana kwa milimita chache kila mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua. Miamba ya chini haikubali kuvutwa kila siku. Inashikana kwa miaka mingi, halafu siku moja inateleza ghafula. Kuteleza huko ndiko watu wa juu wanakohisi kama tetemeko.

Katikati ya bonde hilo kuna volkano. Milima ya Virunga ilipoinuka, zamani sana kabla ya kumbukumbu ya mtu yeyote, iliziba maji yaliyokuwa yakielekea kaskazini kwenye Ziwa Edward. Maji yakajaa nyuma yake, Ziwa Kivu likawa kubwa, na leo linamwaga maji yake kusini kwa mto Ruzizi mpaka Tanganyika. Volkano mbili kati ya hizo ziko hai sana: Nyiragongo, iliyo kaskazini mwa Goma, na Nyamulagira, ambayo ni jirani wa karibu zaidi wa Masisi.

Sake, mlango wa Masisi kwa mtu anayetoka Goma, inaujua moto huo. Kati ya 1938 na 1940 Nyamulagira ilitapika kwa muda mrefu, na uji wake wa moto ukashuka mpaka ndani ya Ziwa Kivu karibu na Sake. Anayepita leo barabara ya Goma kwenda Sake, kwa gari, kwa pikipiki au akisukuma chukudu, anapita juu ya makoro ya wakati huo. Nyamulagira ililipuka tena Januari 2010, na tena Novemba 2011. Mara nyingi upepo unapeleka moshi na majivu yake upande wa magharibi, kwenye malisho na kwenye maji ya mvua yanayotekwa na watu wa Masisi.

Lakini juu milimani, kwenye mashamba ya maharagi na malisho ya ng'ombe, hali ni nyingine. Katika kumbukumbu ya watu wanaoishi leo, Muheto haikuona moto ukipasua ardhi. Ndiyo sababu wazee wanasema nchi yao imetulia. Wana haki kuhusu moto. Kuhusu kutikisika, historia inasema vingine.

Yaliyoandikwa na vipimo

Mnamo 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa sayansi ya Afrika ya Kati, IRSAC, na makao yake yakawa Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Tangu miaka ya 1950 mashine za Lwiro zilianza kuandika mitetemo ya eneo hili. Kazi hiyo ilionyesha jambo ambalo macho hayawezi kuona: chini ya Kivu ardhi inatikisika mara nyingi sana, ila mitetemo mingi ni midogo mno kiasi kwamba hakuna anayeamka.

Nguvu ya tetemeko inapimwa kwa namba. Namba ikipanda kwa 1, nguvu inayotolewa inaongezeka karibu mara 32. Tetemeko la 5, basi, lina nguvu karibu mara 1,000 kuliko la 3. Hii inaeleza kwa nini Masisi inaweza kuhisi mtetemo leo na kuuona ni mchezo, halafu siku nyingine ikahisi kitu ambacho watu hawakijui kabisa.

Makubwa yalikuja, karibu na mbali. Tarehe 20 Machi 1966 eneo la Toro nchini Uganda, upande wa milima ya Ruwenzori, lilipigwa na tetemeko lililoua watu zaidi ya 100, na upande wa Beni ulitikiswa pia. Tarehe 24 Oktoba 2002 tetemeko la 6.2 lilipiga Kalehe, ambayo inapakana na Masisi upande wa kusini. Watu wa Goma waliogopa sana siku hiyo, kwa sababu volkano ilikuwa imeuchoma mji wao miezi tisa tu kabla. Lakini lile la Kalehe lilikuwa tetemeko la bonde.

Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko lililokaribia 6 lilipiga kusini mwa Ziwa Kivu. Ilikuwa kama saa tatu na nusu asubuhi, watu wakiwa kwenye ibada. Upande wa Rwanda, hasa Rusizi na Nyamasheke, watu zaidi ya 30 walikufa, wengine kwa kuangukiwa na kanisa walimokuwa wakisali. Bukavu nayo ilipoteza watu na nyumba. Tarehe 7 Agosti 2015 Bukavu ikapigwa tena, na lile la 5.8.

Hata sehemu zilizojihesabu kuwa mbali na bonde hazikusalimika. Tarehe 10 Septemba 2016 mji wa Bukoba nchini Tanzania, kwenye Ziwa Victoria, ulipigwa na tetemeko la 5.9. Watu zaidi ya 15 walikufa na nyumba nyingi zilianguka au kupasuka. Wakaaji wengi wa Kagera walikuwa hawajawahi kufikiri kwamba ardhi yao inaweza kufanya hivyo.

Kinachoua ni kuta

Ukiyapanga matetemeko hayo pamoja, unaona kwamba ardhi haikummeza mtu. Walioumia waliangukiwa na ukuta wa matofali, na jiwe, na paa zito, au na dari ya jengo lililojengwa kwa mchanga mwingi na saruji kidogo. Katika 2008, kilichotenganisha aliyepona na aliyekufa mara nyingi kilikuwa nyumba aliyokuwamo dakika ile.

Hapo milima ya Masisi na pembe za Goma zina bahati moja ambayo watu hawaihesabu kuwa bahati. Nyumba ya mbao yenye mabati inalia na kuyumba, lakini haivunjiki kirahisi. Nyumba ya fito na udongo inamwaga udongo, lakini fito zinashikana. Hata kibanda cha bashi cha mkimbizi, kinacholetea aibu na baridi, hakina ukuta wa kumwangukia mtoto. Hatari kubwa iko kwenye majengo ambayo watu wanayaheshimu zaidi: shule ya matofali, kanisa, kituo cha afya, nyumba ya ghorofa. Na huko ndiko watu wengi wanakokusanywa kwa pamoja, na wakati wa vita ndiko wakimbizi wanakolala.

Milimani kuna hatari nyingine ya pili, nayo ni mteremko. Kilima kilichokatwa miti, kikalowa mvua ya wiki nzima, au kikachimbwa mashimo ya madini, hakihitaji tetemeko kubwa ili kishuke. Masisi imezika watu wengi kwa mvua peke yake. Mtetemo ukija juu ya udongo uliolowa, unamalizia kazi iliyoanzwa na mvua.

Somo la Goma

Goma ilijifunza kwa njia nyingine. Tarehe 10 Januari 1977 ziwa la moto lililokuwa juu ya Nyiragongo lilipasua mlima na kumwagika kwa muda usiofika saa moja. Uji ule ulikwenda mbio kuliko miguu ya watu, na vijiji vya mteremkoni viliungua.

Miaka 25 baadaye dalili zilitangulia. Kabla ya Januari 2002 ardhi ilitikisika mara kadhaa, na mtaalamu wa Goma, Wafula Mifundu, alitoa onyo siku chache kabla. Eneo lilikuwa katika vita, na onyo halikuwa na wa kulibeba. Tarehe 17 Januari 2002 moto uliingia katikati ya mji, ukapita juu ya maduka na sehemu ya uwanja wa ndege, ukafika ziwani. Watu mamia ya maelfu walikimbia, wengi kuelekea Gisenyi. Kwa siku kadhaa baadaye ardhi iliendelea kutikisika, na nyumba za Gisenyi ambazo moto haukuzigusa zikapasuka na nyingine kuanguka.

Halafu ikaja 2021. Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei, Nyiragongo ilifumuka karibu bila kuonya. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba dalili za kupimika zilikuwa fupi mno. Uji wa moto ulisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa na maelfu ya nyumba ziliteketea. Ila katika hesabu ya kwanza ya serikali, iliyotaja watu 15, wale 9 walikufa katika ajali ya gari wakikimbia, na 4 walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka. Moto wenyewe ulikuwa umewachoma 2.

Moto ulisimama, lakini ardhi haikutulia. Kwa siku nyingi Goma na Rubavu zilitikisika usiku na mchana. Mtetemo mmoja, tarehe 25 Mei, ulizidi 5. Nyufa zilipasua barabara na kuta. Wataalamu waliona kwamba uji wa moto ulikuwa ukisogea chini ya mji kuelekea chini ya ziwa, na sehemu nyingine ulikuwa mamia machache ya mita tu kutoka chini ya miguu ya watu. Hofu ikawa mara mbili, kwa kuwa ndani ya Ziwa Kivu kumejaa gesi nyingi sana, na watu walikumbuka Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo gesi yake iliua watu karibu 1,700 mwaka 1986.

Alfajiri ya tarehe 27 Mei, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa 10 kati ya 18 ya Goma iondoke. Watu karibu 400,000 walitoka. Wengine walikwenda Rwanda, wengine Rutshuru na Minova, na wengi sana walifuata barabara ya Sake. Mji mzima ukapanda kwenye mlango wa Masisi na godoro kichwani. Watu walilala shuleni, makanisani na nje kwenye mvua. Maji yalikosekana na kipindupindu kikaogopwa. Mamia ya watoto walipotezana na wazazi wao. Jamaa za Sake na za Masisi ziligawa chakula ambacho hakikuwatosha wenyewe. Mwezi wa Juni watu wakaanza kurudi. Mlipuko wa pili haukuja, na ziwa halikutoa gesi.

Kutoka hapo ndipo somo la Goma lilipokazwa: ardhi ikitikisika, toka, usingoje. Kwa mtu anayeishi chini ya Nyiragongo, somo hilo lina maana.

Masomo mawili yanapokutana

Baada ya muda mfupi barabara ile ile ilijaa watu wa upande mwingine. Vita viliposhika tena, wakaaji wa Masisi walishuka kuelekea Sake na Goma, wakajenga vibanda juu ya makoro ya Bulengo, Lushagala, Rusayo na Kanyaruchinya. Walilala chini ya mlima ambao hawakukulia chini yake. Walijifunza pia neno mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana, inayotoka ardhini na kutulia mabondeni na kumuua mtu au mbuzi aliyeinama humo. Wataalamu wa dunia nzima sasa wanaliita jambo hilo kwa jina hilo hilo la Kiswahili. Mwanzoni mwa 2025, baada ya M23 kuingia Goma, kambi nyingi zilibaki tupu na jamaa nyingi zikarudi milimani. Zilirudi na sufuria, na bashi, na somo la Goma.

Milimani somo hilo linahitaji kupimwa upya. Mtetemo unaohisiwa Muheto unaweza kutoka kwenye volkano au kwenye bonde, na miguu ya mtu haiwezi kujua tofauti. Yako mambo ya kutazama. Tetemeko la bonde mara nyingi linapiga mara moja kwa nguvu, kisha linafuatwa na madogo yanayopungua siku kwa siku. Mitetemo ya volkano inakuja kwa kundi, mingi, saa baada ya saa, na inaweza kuongezeka. Pamoja nayo watu wanaona usiku mwekundu juu ya mlima, moshi mpya au majivu. Jibu la hakika linatoka kwa vipimo vya Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, OVG, na habari zake zinawafikia watu kwa redio.

Kwa yote mawili, jambo la kwanza ni moja: kama nyumba ni ya matofali au mawe, ondoka karibu na kuta na usimame mahali wazi. Aliye ndani ya jengo kubwa asiyeweza kutoka kwa haraka ajifiche chini ya meza ngumu, alinde kichwa. Mtetemo ukiisha, moto wa jikoni uzimwe. Jengo lililopasuka lisilaliwe usiku huo, hata kama mvua inanyesha.

Jambo la pili ndilo linalotofautiana. Goma, uji wa moto ukija, kukimbia mbali ndiko kunakookoa. Muheto, mahali pa kuokokea ni uwanja ulio mbele ya nyumba, mbali na ukuta na mbali na mteremko uliokatwa. Hakuna uji wa moto unaokuja nyuma. Mama anayekimbia usiku na watoto kuelekea barabara kuu, kwa sababu ya mtetemo wa sekunde tano, anatoka kwenye hatari ndogo na kuingia kwenye kubwa: giza, mito, watu wenye silaha, na mtoto anayepotea kwenye umati. Wazazi wa 2021 wanajua hilo la mwisho.

Mzee naye ana la kujifunza kwa binti. Kugeuka na kulala tena si hekima kama ukuta wa nyumba una ufa, au kama kilima cha nyuma kimelowa. Kalehe haiko mbali. Kagera nayo ilikuwa imetulia mpaka siku ile ya Septemba.

Wanaokumbuka 1977 wamebaki wachache. Wanaokumbuka 2002 wametawanyika: wengine Goma, wengine Nakivale na Kyangwali nchini Uganda, wengine wamerudi kwenye mashamba yao na kuyakuta yamelimwa na wengine. Vita vimehamisha watu pamoja na kumbukumbu zao, na kijiji kisicho na wazee wake kinajifunza tetemeko upya kila mara, kwa hasara. Jamaa zilizo chini ya paa moja usiku wa leo zinaweza kuanza na maswali matatu mepesi, kabla ardhi haijatikisika: ukuta gani ndani ya nyumba hii unaweza kuanguka, uwanja gani tutasimama sote, na nani atamshika mtoto yupi mkono.